Nyumba Isiyopewa Kitu

Ubao wa kupimia urefu wa watoto huumiza bega ukiubeba mwendo mrefu. Upande mmoja una kichwa kisichosogea, upande wa pili kibao cha kusukuma, na ubavuni imebandikwa rula. Ukishuka nao kwenye matatu pale Kangemi, ukaacha Waiyaki Way mgongoni na kuteremka vichochoroni, watoto hukufuata nyuma wakidhani umeleta kitu cha kuuza.

Mtoto wa miezi minane hapendi kulazwa chali na watu asiowajua. Mmoja wetu hushika kichwa kiguse ubao, macho yaelekee juu. Wa pili hubana magoti taratibu yanyooke, kisha husukuma kibao mpaka kiguse nyayo. Mama huinama juu yake ili mtoto amwone uso. Namba husomwa kwa sauti: "Sitini na saba nukta tatu." Aliyeshika kichwa huirudia, ndipo huandikwa. Mtoto huinuliwa, hubembelezwa, akanyamaza, halafu analazwa tena, kwa maana kipimo kimoja hakiaminiki.

Asubuhi moja, baada ya kipimo cha pili, mama wa nyumba alimchukua mwanawe, akamfunga leso mgongoni, akaniuliza swali ambalo sijaliweka chini tangu siku ile.

"Daktari, mlikuja mkapima, leo mmekuja tena mmepima. Yule wa ploti ya pale chini mmemletea unga wa uji, na kuna mama anakuja kumfunza. Mimi mtaniletea lini?"

Katika mitaa hii kila anayeingia na mizani ni daktari. Nilimwambia mimi si daktari wa kutibu, nikamweleza tena tuliyomweleza siku aliyotia saini fomu ya ridhaa: kwamba kura ilipigwa, vijiji vingine vikaangukia upande wa mradi, na kijiji chake kikaangukia upande wa kulinganishwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mimi ni wa kuangaliwa tu," akasema.

Sikuwa na jibu la kumtosha pale mlangoni. Jibu ninalo sasa, lakini ni refu.

Kazi ya kutathmini miradi ya afya ya watoto, ukiivua mapambo yake yote, ni kuuliza swali moja: kama mradi huu haungekuwapo, mtoto huyu angekuwa katika hali gani leo? Hakuna mtoto anayeishi mara mbili, mara moja akiwa na mradi na mara nyingine bila mradi, ili tumlinganishe na nafsi yake. Hivyo tunamtafuta mtoto mwingine anayefanana naye, na hapo ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea. Mama anayekimbia kujiandikisha siku ya kwanza ndiye yule yule ambaye angempeleka mtoto kliniki bila kukumbushwa. Ukimlinganisha na jirani asiyejiandikisha, umepima tofauti ya mama wawili ukadhani umepima mradi. Kura huondoa hilo. Chifu hachagui, mfadhili hachagui, bidii ya mama haichagui.

Na ugumu wenyewe ni kwamba nyakati zinasonga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2014 idadi hiyo ilikuwa 52. Mwaka 2022 ilikuwa 41. Udumavu nao, yaani mtoto kuwa mfupi mno kwa umri wake, ulishuka kutoka asilimia 35 mwaka 2008 na 2009 hadi 18 mwaka 2022. Chanjo ya nimonia ilianza kutolewa mwaka 2011, ya kuhara kwa virusi vya rota mwaka 2014, vyandarua vikagawiwa, barabara zikafika, wasichana wengi zaidi wakamaliza shule kabla ya kuwa mama. Mradi wowote ulioanza katika miaka hiyo ungeona watoto wake wakiendelea vizuri, hata kama ungekuwa unagawa kalamu tu. Nimesoma ripoti nyingi zenye grafu mbili, "kabla" na "baada", na chini yake shukrani kwa wafadhili. Kila nikizisoma huuliza: na watoto wa ng'ambo ya barabara je?

Nairobi imetufundisha pia kuutilia shaka wastani wa kuvutia. Mwaka 2000, watafiti wa kituo cha APHRC, ambacho siku hizi ofisi zake ziko Kitisuru, walifanya uchunguzi katika mitaa ya mabanda ya jiji hili. Hadi wakati huo ilidhaniwa kwamba mtoto wa mjini ana nafuu kuliko wa kijijini, kwa sababu hospitali ziko karibu. Kwa takwimu za jiji zima, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilikuwa 62 kwa kila 1,000, na vya mashambani 113. Katika mitaa ya mabanda vilikuwa 151. Watoto wa Korogocho na Kibera walikuwa wakifa zaidi ya watoto wa mashambani, na namba yao ilikuwa imefichwa ndani ya namba moja na watoto wa Lavington. Baada ya hapo kituo hicho kilianza kufuatilia kaya za Korogocho na Viwandani mwaka baada ya mwaka, nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki na kwa sababu gani. Kwangu mimi huo ni mmoja wa utumishi mkubwa uliowahi kufanyiwa maskini wa jiji hili, ingawa haukujenga hata choo kimoja.

Katika mitaa hiyo hiyo miwili ndiko kulikofanyika utafiti ninaourudia kila ninapofundisha vijana wanaoanza kazi hii. Mwaka 2011 watafiti hao walichapisha kwamba ni watoto wapatao 2 tu kati ya 100 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita kamili. Wengine walianza mapema kupewa maji, maji ya sukari, uji, maziwa ya ng'ombe. Elizabeth Kimani-Murage na wenzake wakaandaa mradi: wahudumu wa afya ya jamii wafunzwe hasa mambo ya lishe, wamtembelee mama nyumbani tangu akiwa mjamzito mpaka mtoto afike mwaka. Maeneo 14 yaligawanywa kwa kura. Upande mmoja ukapata mafunzo hayo ya nyumbani. Upande wa pili wahudumu waliendelea na ziara zao za kawaida.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Upande wa mradi, watoto 55 kati ya 100 walikuwa wamenyonyeshwa maziwa pekee kwa miezi sita. Kutoka 2 hadi 55! Kama hesabu ingeishia hapo, picha zingepigwa, mabango yangechapishwa, na mradi ungesambazwa nchi nzima kwa gharama yake yote. Lakini nyumba za upande wa pili, zile za kuangaliwa tu, zilikuwa nazo zimefika 55. Tofauti kati ya pande mbili haikufika hata asilimia moja.

Nimeona watu wakiyasoma matokeo haya kwa huzuni, kana kwamba mradi umeanguka. Mimi huyasoma kinyume. Jambo kubwa na jema lilitokea Korogocho na Viwandani. Swali ni nani alilileta. Kule upande wa pili nako mhudumu wa afya alikuwa akibisha hodi. Kuta za mabati hazizuii mazungumzo: anachoambiwa mama wa nyumba hii jioni hiyo hiyo kimefika foleni ya maji. Nchi nzima ilikuwa ikipanda: kwa takwimu za kitaifa, kunyonyesha maziwa pekee kuliruka kutoka asilimia 32 mwaka 2008 na 2009 hadi 61 mwaka 2014. Tarehe 1 Juni 2013 ada za kujifungua katika hospitali za umma zilifutwa, na mama anayejifungulia hospitalini hukutana na muuguzi anayemwambia habari hizi kabla hajatoka kitandani. Kwa maoni yangu somo la utafiti ule lina thamani kuliko ushindi: ziara za kawaida za mhudumu wa kawaida, zikifanyika kweli, huenda zikafika mbali kama zile za gharama kubwa. Serikali yenye mfuko mdogo inahitaji kulijua hilo. Na aliyetujulisha ni mama ambaye hakupewa kitu cha ziada.

Kuna shaka moja ambayo mtafiti mwaminifu haiachi nyuma. Mama aliyetembelewa mara kumi na kuambiwa asimpe mtoto maji, ukimuuliza kama amempa maji, analijua jibu unalolitaka. Si uongo wa ubaya, ni adabu kwa mgeni. Ndiyo maana hatuulizi, "Unanyonyesha maziwa pekee?" Tunauliza tangu jana asubuhi saa kama hii mpaka sasa mtoto amepata nini, kimoja kimoja: maji, maji ya sukari, uji, maziwa ya pakiti, dawa ya kutuliza tumbo. Na macho nayo yafanye kazi. Siku moja, nyumba fulani, jibu lilikuwa hapana kwa kila kitu, na juu ya stuli, kando ya goti la mama, kulikuwa na kikombe cha plastiki na kijiko ndani yake, uji umeanza kukauka ukingoni. Mama aliona ninapotazama. Sikusema neno. Baada ya kitambo akasema, "Huwa naenda kufua."

Hilo ndilo linalokaa ndani ya wale 45 kati ya 100 wasiofika miezi sita. Kangemi na Kawangware ziko hatua chache kutoka Loresho, Lavington na Kileleshwa, na kila asubuhi wanawake hupanda mlima kwenda kuwa mama fua. Hulipwa kwa siku, asipokwenda hakuna unga jioni. Mtoto wa miezi miwili hubaki kwa jirani anayelea watoto kwa ada ndogo, na jirani humpa alichonacho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Zote mbili ni sheria nzuri, na mama fua hazimfikii, kwa sababu mwajiri wake leo siye mwajiri wake kesho. Anaweza kufua nepi za mtoto wa mwenzake huku maziwa yakimlowesha blauzi. Mradi wa ushauri unaweza kumwongezea maarifa, na maarifa anayo tayari. Saa za mchana hauwezi kumwongezea.

Swali la yule mama wa Kangemi lakini bado liko pale pale: je, ni haki kumnyima? Nilipoanza kazi hii liliniondolea usingizi. Utafiti ulionisaidia ulifanywa hospitalini. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haizunguki vizuri mwilini anapaswa kumiminiwa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Kilikuwa kitu cha kuokoa maisha, na kumnyima mtoto kulionekana ukatili. Kathryn Maitland na wenzake, wakiongozwa kutoka Kilifi, waliuliza kama ni kweli, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine walimiminiwa maji hayo kwa haraka, wengine wakapata matibabu mengine yote isipokuwa hayo. Utafiti ulisimamishwa mapema mwaka 2011. Kati ya waliomiminiwa, zaidi ya 10 katika kila 100 walikuwa wamefariki ndani ya saa 48. Kati ya wasiomiminiwa, 7.

Wasiopewa ndio waliosalimika zaidi. Kila daktari aliyewahi kufungua mrija ule aliufungua kwa huruma. Bila kundi la kulinganisha tungeendelea kuufungua, na kila mtoto aliyekufa tungesema aliletwa akiwa amechelewa.

Mara nyingine jibu huenda upande wa pili, na mtu hupata furaha isiyo kifani. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mvutano mkali kuhusu vyandarua vyenye dawa. Wengi, tena watu wa maana, walisema viuzwe japo kwa bei ndogo, kwa kuwa cha bure hakithaminiwi, kitageuzwa wavu wa samaki. Jessica Cohen na Pascaline Dupas wakalipima jambo hilo katika kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya: baadhi ya kliniki ziligawa bure, nyingine ziliuza kwa bei tofauti, ya juu kabisa shilingi 40. Bei hiyo ilitosha kupunguza idadi ya wanaochukua chandarua kwa asilimia 60. Na waliolipa hawakukitundika zaidi ya waliopewa bure. Wakati huo huo, Abdisalan Noor, Bob Snow na wenzao wa KEMRI-Wellcome Trust walikuwa wakifuatilia watoto katika wilaya nne za Kenya. Mwaka 2004, watoto wapatao 7 kati ya 100 walilala ndani ya chandarua chenye dawa. Baada ya ugawaji mkubwa wa bure wa mwaka 2006 walikuwa 67, na aliyelala ndani ya chandarua alikuwa na hatari ndogo ya kufa kwa asilimia 44. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake na kuunga mkono ugawaji wa bure. Shilingi 40 ni nauli ya karibu. Kuna watoto waliokuwa wakifa kwa ajili yake.

Njia moja ya kumtendea haki asiyepewa ni kumpa zamu. Huko Busia, mwaka 1998, Michael Kremer, aliyewahi kuwa mwalimu magharibi mwa Kenya, na Edward Miguel walifuatilia ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75. Fedha hazikutosha kuanza na zote kwa mara moja, kwa hiyo shule ziligawanywa makundi matatu, na makundi yaliyosubiri yakawa ndiyo ya kulinganishwa mpaka zamu yao ilipofika. Utoro ulipungua kwa robo, na hata shule za jirani zilinufaika kwa sababu minyoo ilikosa pa kuenea. Takwimu zao waliziweka wazi, na mwaka 2015 watafiti wengine walizirudia na kubishana nao vikali kuhusu baadhi ya hesabu. Hivyo ndivyo inavyopaswa. Kremer alitunukiwa Nobeli ya uchumi mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili.

Siri ya kazi hii haiko katika Nobeli, iko katika tarakimu ya mwisho. Katika utafiti mmoja niliousimamia, tulipofungua takwimu za wiki ya tatu tukaona urefu wa watoto wengi mno unaishia na nukta sifuri au nukta tano. Watoto hawakui hivyo. Ukipima vizuri, tarakimu kumi za mwisho hugawana karibu sawa. Wahojaji hawakuwa wamelala nyumbani wakabuni namba. Watoto walilia, jua lilikuwa kali, ubao ulikuwa mzito, na jicho lililochoka hukimbilia mstari mrefu wa rula. Kosa lilikuwa langu: niliwapa nyumba nyingi mno kwa siku. Tulirudi kila mlango. Mama mmoja alituambia, "Mnamsumbua huyu mtoto," na alikuwa na haki. Nusu sentimita ni ndogo mno kuionea mtu uchungu, lakini tofauti ambayo mradi wa lishe unaweza kuileta mara nyingi huwa ndogo kuliko hiyo.

Namba hizo zina safari yake. Kabla ya kupima unapitia kamati ya maadili, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kule Upper Kabete. Baada ya kupima unakaa miezi ofisini ukihesabu, na mwisho unaingia kwenye ukumbi wa hoteli Westlands, au Afya House, makao makuu ya Wizara ya Afya, na kuwaonyesha watu wa wizara na wafadhili slaidi ishirini. Pale ndipo mtafiti hujaribiwa. Mfadhili ametumia fedha nyingi, meneja wa mradi ana wafanyakazi ambao mikataba yao inaisha Desemba, na wewe una mistari miwili ya grafu inayopanda pamoja kama mapacha. Nimewahi kuombwa, kwa upole kabisa, nionyeshe mstari mmoja tu. Nilikataa, na kazi iliyofuata hatukupewa. Wakati ule ukumbini nilichokuwa nikikiona ni leso ya yule mama wa Kangemi. Mstari wa pili ni wake. Alitoa asubuhi zake na kilio cha mwanawe, tena bila unga, ili mstari ule uwepo.

Tarehe 25 Septemba 2023, katika bustani ya Uhuru Park, wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa rasmi na kukabidhiwa vifaa, na serikali ikaahidi posho yao ya kila mwezi. Kwa miaka mingi walikuwa wakibisha hodi kwa kujitolea. Kisha mwanzoni mwa 2025 fedha za Marekani zilikatwa, na pamoja nazo ukasimama mpango uliokuwa ukisaidia tafiti kubwa za kitaifa za afya katika nchi nyingi, zile zilizotupa 115, 52 na 41. Nchi ina wahudumu wengi kuliko ilivyowahi kuwa nao, na macho machache ya kuona wanacholeta. Hilo linanitia hofu kuliko jambo lolote katika taaluma hii.

Tulirudi Kangemi utafiti ulipokwisha, kwa sababu tuliahidi kwamba upande wa kulinganishwa nao utapata unga na mafunzo mwishoni. Yule mama alikuwa bado katika chumba kile kile. Alipokea mfuko wa unga, akausoma pande zote mbili, akauweka juu ya meza bila kusema kitu. Mtoto alikuwa ameshapita miaka miwili, anakula ugali na sukuma wiki na watu wazima. Niliona aibu, nikamwambia kwamba unga umemkuta mtoto amekwisha kupita umri wake.

"Kuna mwingine," akasema, akijigusa tumbo.

Kisha akauliza kama tumekuja na ubao. Tulikuwa nao. Mtoto wa umri ule halazwi tena, ubao husimamishwa wima ukutani naye hupanda mwenyewe. Alivua malapa, akasimama, visigino vikagusa mbao, macho mbele. Niliteremsha kibao taratibu juu ya nywele zake. Nilipoinama kusoma, mama alikuwa ameshatangulia, kidole chake kiko kwenye rula.

"Themanini na sita nukta nne," akasema. "Andika."